Horo ya Kumi na Moja

Kamen Dol, 20 Septemba 2004

Mama yangu mpenzi,

Nakubusu mikono yote miwili. Mimi ni mzima, jiko la kuni ni zima, na paka wako amenenepa kuliko ulivyomwacha, ila hataki kunitambua. Hofu yangu ni mgongo wako. Bado unamnyanyua Sinyora Ottavia, huyo bibi unayemtunza, peke yako asubuhi, au mwanawe ameleta kile kiti cha magurudumu alichokuahidi? Nijibu ukweli, sio yale majibu yako ya simu, "kila kitu kizuri, kila kitu kizuri," kadi ikikaribia kwisha.

Shule imefunguliwa tarehe kumi na tano. Nilipotoka nyumbani Bibi Tonka jirani alinimwagia ndoo nzima ya maji mlangoni ili mwaka wangu utiririke vizuri, na nusu ya baraka hizo zikaingia kwenye kiatu. Nikaacha nyayo za maji mpaka ofisi ya walimu. Watoto wameleta maua mengi hata vyombo havikutosha, mengine nimeyatia kwenye ndoo ya deki.

Sasa habari yenyewe. Wanangu wa darasa la saba B, wale niliowapokea la tano wakilia kwa ajili ya kugawanya, huu ni mwaka wao wa mwisho hapa. Juni watafanya mtihani wa kuingia shule za mjini. Nao wanaogopa hesabu za sehemu, mama, wanaziogopa kama mbwa wa jirani. Bi Velichka wa duka la dawa, mama yake Bilyana, ameshakwenda kwa mkuu wa shule. Anataka darasa langu apewe Stamenov, yule kijana wa masomo ya ziada anayekuja na basi kutoka mjini. Bi Gancheva, mkuu wetu, hakunificha. "Zornitsa," kaniambia, "Machi kuna mtihani wa majaribio. Baada ya Pasaka wazazi watakaa na kuamua watoto wamalizie na nani. Hapo mimi sitakuwa na mwavuli wa kukufunika."

Unajua ninachotaka, mama? Kitu kimoja tu. Tarehe 24 Mei, sikukuu ya herufi, kila mwalimu anapotembea mbele ya darasa lake kuelekea uwanjani, mimi niwe mbele ya saba B. Nikinyang'anywa, atatembea Stamenov, nami nitasimama kando nikitafuna mbegu za alizeti kama mpita njia. Nikifikiria hivyo chakula hakishuki.

Nakutumia mitungi miwili ya pilipili hoho nyekundu za kusaga. Nimemwambia Mitko, dereva wa basi la huko kwako, asiiweke chini ya masanduku.

Binti yako,
Zornitsa


Ferrara, 12 Oktoba 2004

Zornitsa, roho ya mamako,

Salamu zako nimezipata, na mtungi mmoja nimeupata. Wa pili umepasukia chini ya masanduku, na Mitko anasema abiria wote wamenusa nyumbani kwetu tangu mpakani. Huo uliopona Sinyora ameula kwa kijiko bila mkate, mtu wa miaka tisini! Kiti cha magurudumu kimekuja. Mgongo wangu mzuri. Nikisema kizuri ni kizuri, wataka nikuzulie ugonjwa?

Wewe unakula? Supu ya maharage sio chakula cha wiki nzima. Nakujua.

Sasa huyo Velichka. Mimi namjua tangu anafunga riboni shuleni. Sio mtu mbaya. Mwanawe mkubwa alikosa shule ya mjini kwa nusu alama, na tangu siku hiyo kila mwalimu kwake ni mwizi mpaka athibitishwe vinginevyo. Usimchukie. Mwonee huruma, halafu mshinde.

Kuhusu hizo sehemu zako, sina msaada. Mimi na hisabati ni paka na maji. Umesahau uliponiambia niikate banitsa, ule mkate wetu wa jibini, katika sehemu sita zilizo sawa? Nikakata kila mtu kwa kadiri anavyostahili, mjomba wako akapata ukingo.

Hapa vichekesho haviishi. Jumapili Sinyora kaniambia, "Dobrinka, wewe jikoni hutembei, unacheza. Ni nini hicho?" Nikamwambia ni ngoma yetu, rachenitsa. Akataka kuijua, basi nikampa kijiko agonge meza. Fupi, fupi, ndefu. Fupi, fupi, ndefu. Alikuwa akiharibu, kwa maana watu wa huku hatua zao zote ni sawa kama matofali. Nikamwambia, sikiliza Sinyora, ndefu yetu ni fupi moja na nusu. Fupi ina mbili, fupi nyingine mbili, ndefu tatu, jumla saba, basi, mzunguko umekamilika, anza tena. Akaelewa papo hapo, tena ana sikio moja tu linalofanya kazi.

Wewe hukuwahi kuitaka ngoma. Sikulaumu. Lakini ukipiga chafya bado unapiga chafya kwa saba, nimekusikia.

Akupendaye,
Mama yako


Kamen Dol, 8 Novemba 2004

Mama yangu, paka usiyejua kuogelea,

Nakusalimu kwa furaha, mimi ni mzima kupita kiasi, na ninakuomba usome tena barua yako ya mwisho. Wewe uliyemkatia mjomba ukingo umemfundisha bibi wa miaka tisini sehemu, kwa kijiko!

Nimeisoma mara ngapi sijui. Jumatatu nikaingia saba B nikasema, "Madawati ukutani." Wakadhani kuna tetemeko. Nikawaambia mzunguko mmoja wa rachenitsa ndio nzima, nao una saba. Saba ni asili, inakaa chini. Ulichochukua kwa mguu wako ndicho kiasi, kinakaa juu. Fupi ni mbili za saba, ndefu ni tatu za saba. Mzee Stoil, yule anayewasha tanuri la kupasha shule joto, ameleta akodioni yake. Darasani hakuna nafasi hata ya kiwiko, kwa hiyo anakaa kwenye ngazi za chini na kupiga kutoka huko.

Kuna mvulana mmoja, Emil. Tangu la tano, ukimwambia ajumlishe mbili za saba na mbili za saba, anakujibu nne za kumi na nne, bila aibu. Nimemweleza kwa tufaha, kwa chokoleti, kwa machozi. Jumatatu akapiga fupi ya kwanza, akapiga ya pili, akasimama mguu mmoja ukiwa hewani. "Mwalimu! Lakini saba haiongezeki! Ngoma ni ileile!" Nilitaka kumbusu. Yeye akatazama wenzake na kusema, "Mbona hamkuniambia?"

Bi Gancheva alipanda kuja kuangalia, kwa sababu chokaa ilikuwa ikiwadondokea darasa la tano chini. Alisimama mlangoni na vumbi jeupe begani. "Hii ni hisabati?" Nikasema ndiyo. "Basi vueni viatu."

Sasa nina ombi, na naona haya kuliandika. Mimi binti wa Dobrinka, wewe uliyeshika leso kuongoza horo, ngoma ya kushikana mikono, mbele ya mji mzima, nilikuwa nikikaa chini ya meza na kitabu hadi watu wamalize kucheza. Rachenitsa nimejifunza kwa barua yako. Nifundishe na kopanitsa, ile horo ya hesabu ya kumi na moja. Watoto wanataka kuicheza tarehe 8 Machi, siku ya wanawake, mbele ya mama na bibi zao, halafu waeleze sehemu zake ubaoni. Velichka atakuwapo. Niandikie hatua zote kama unavyomwandikia mtu asiyejua miguu yake ni ipi, maana ndivyo nilivyo.

Binti yako wa chini ya meza,
Zornitsa


Ferrara, 14 Desemba 2004

Zorche wangu,

Heri ya Krismasi mapema, na Mungu akulinde na hilo jiko la kuni. Huku wote wazima. Sinyora alipata mafua, amepona. Mimi siji, mwanangu. Mwanawe anakwenda milimani kuteleza kwenye theluji na familia yake, na bibi hawezi kuachwa. Nimelia kidogo nikipiga pasi, halafu nikaacha kwa sababu shati lilikuwa linalowana. Siku ya mkesha nenda ukale kwa Bibi Tonka, usikae peke yako na hilo daftari la kusahihisha.

Nimekutumia keki yao ya Krismasi. Ni mkate mrefu wenye zabibu, usitegemee makubwa.

Kopanitsa, haya. Fupi, fupi, ndefu, fupi, fupi. Ndefu iko katikati, kama mtu mnene kati ya wembamba kwenye benchi. Unaanza kwa mguu wa kulia, unakwenda upande wa kulia. Kulia, kushoto unafuata, kulia unaruka kidogo na kukaa juu, hiyo ndiyo ndefu, usiiharakishe, wanaojifunza wote huiharakisha. Halafu kushoto, kulia, mzunguko umekwisha. Nimekuchorea nyayo karatasi ya pili. Sinyora aliponiona nimechora miguu akadhani nanunua viatu.

Narudia, kulia. Horo ya watu wazima na wenye furaha inakwenda kulia. Kushoto wanakwenda waliofiwa, hilo unalijua hata kama ulikuwa chini ya meza.

Unajua nimegundua nini? Leso yangu nyekundu nilikuja nayo huku. Miaka minne iko kwenye droo na soksi. Sijui nilifikiri nitamwongoza nani Ferrara.

Wako kwa upendo,
Mama


Kamen Dol, 11 Machi 2005

Mama,

Natumaini ule uzi wa baraka, mwekundu na mweupe, niliokutumia kwa ajili ya Machi umefika, na kwamba Sinyora amefungiwa wake mkononi. Afya yangu nzuri. Heshima yangu sijui iko wapi.

Kaa chini kwanza. Uko kwenye kiti? Haya.

Tarehe 8 ukumbi ulijaa. Akina mama mbele na maua yao, mabibi nyuma yao na mikoba mapajani, Velichka katikati kama jaji. Mzee Stoil alikuwa nyuma ya pazia. Watoto wakaingia wameshikana mikono, mashati meupe. Akodioni ikaanza, fupi, fupi, ndefu, fupi, fupi, hakuna aliyeharakisha ndefu, hakuna aliyekosea hata hatua moja. Wakazunguka jukwaa zima wakienda kushoto.

Kushoto, mama! Darasa zima, safi kabisa, kushoto!

 Halafu Bibi Tonka akasimama, akatema mate mara tatu, "Tfu, tfu, tfu, mbali nasi! Nani kafa?" Bibi mwingine akaanza kulia kwa sauti, akidhani ni habari za mumewe aliye hospitali. Mumewe alikuwa amekwenda kutolewa jino. Emil akadhani wanashangilia, akaongeza kuruka. Velichka akasimama na kusema, kila neno likisikika, "Basi hii ndiyo hisabati yenu. Nusu mwaka wanacheza, na hata kucheza hawajui."

Nilichofanya ni hiki. Mimi nilifuata nyayo zako sawasawa. Lakini miezi yote mitatu nilisimama mbele yao nikiwatazama, kama mwalimu anavyosimama. Nilipokwenda kulia kwangu, wao wakanifuata kama kioo, kushoto kwao. Darasani tulikuwa kwenye safu, hatukuwahi kufanya duara, na Mzee Stoil yuko chini kwenye ngazi, haoni kitu. Katika shule nzima hapakuwa na mtu wa kuniambia. Mwalimu wa hisabati, mama! Mtu anayelipwa kujua kioo kinafanya nini!

Jioni nilijikaanga kwa mafuta yangu mwenyewe. Lakini asubuhi nilipoingia darasani, walikuwa wameshachora mstari wa namba ubaoni, sifuri katikati, kulia chanya, kushoto hasi. Bilyana, binti wa yule yule Velichka, ambaye tangu Septemba hajanyoosha mkono, akasimama. "Mwalimu, hatujakosea hatua. Tumekosea alama. Tuzidishe kila hatua kwa hasi moja, tutarudi kulia." Nikageuka kuelekea dirishani kidogo kwa sababu ya macho yangu. Sasa nawafundisha nikiwa nimewapa mgongo. Mpaka leo wamenirushia karatasi moja tu.

Ila Velichka anazunguka nyumba kwa nyumba. Mtihani wa majaribio ni wiki ijayo, na hata wakifaulu, mabibi wanasema darasa langu limeuitia mji mkosi. Naiona tarehe 24 Mei ikinitoka mikononi. Niambie nifanye nini.

Binti yako,
Zornitsa


Ferrara, 22 Machi 2005

Zornitsa wangu, kioo changu,

Uzi tumefungwa wote wawili, na Sinyora anakataa kuuvua hata kuoga. Afya tele. Nilikuwa kwenye kiti kama ulivyoagiza, nikaanguka nacho. Nimecheka mpaka Sinyora akagonga fimbo akitaka atafsiriwe, nikamtafsiria, naye akacheka mpaka nikaogopa. Ile ya jino amenitaka niirudie mara mbili.

Sasa nisikilize, futa pua. Kuvunjika kwa koleo siyo mwisho wa uhunzi. Horo iliyochezwa kushoto bila msiba inatenguliwa kwa njia moja, na bibi yangu aliijua, na Tonka anaijua pia, muulize. Miguu ileile iicheze kulia, katika uwanja wa mtu, siku ya furaha, na mwenye nyumba aingie mstarini. Basi. Mkosi unakufa hapo.

Uwanja wa nani? Fikiri, wewe mwenye akili. Jumapili ya Matawi ni siku ya jina la kila mwenye jina la ua au mmea. Bilyana ni mmea. Na siku ya jina mgeni haalikwi, na anayekuja hafukuzwi, awe adui, awe mkusanya kodi. Velichka atafungua mlango na ataweka meza, kwa sababu asipofanya hivyo hatauza hata kidonge cha kichwa Kamen Dol. Nenda na darasa lote. Nenda na Stoil. Chukueni matawi na maua, msalimieni vizuri, muwe na adabu kuliko malaika. Usimwambie neno la hisabati. Cheza tu.

Na uingie wewe mwenyewe. Usisimame kando kupiga makofi. Unanisikia? Miguu yako ninaijua, niliitengeneza mimi.

Mama yako


Kamen Dol, 26 Aprili 2005

Mama mpenzi,

Salamu za Matawi, nyumba nzima inanukia matawi ya mierebi. Mimi mzima, magoti yana maumivu matamu. Hujaandika tangu Machi. Unaumwa? Ama ni Sinyora? Niandikie hata mstari mmoja.

Majibu ya majaribio yametoka. Sio miujiza. Wanne wamepata sita, alama ya juu kabisa, Bilyana akiwa mmoja wao, wengi wamepata nne na tano, wawili wameanguka na mbili, mmoja kwa sababu alilala. Emil amepata nne. Ameibandika mlangoni kwao upande wa nje, ili postamani aione.

Juzi tukaenda kwa Velichka. Mlango ulikuwa wazi kama inavyotakiwa, naye alikuwa amesimama na sinia ya vinywaji, akimngojea shangazi. Akatuona. Watoto ishirini na mmoja, mimi, Mzee Stoil, na Bibi Tonka ambaye hakuna aliyemwambia. Nikasema, "Bi Velichka, jina la Bilyana liishi na kuchanua." Uso wake, mama! Alitaka kutufukuza na hakuweza. Akameza mate akasema, "Karibuni. Mtakula nini watu wote hawa?" Bibi Tonka akajibu, "Ulichonacho." Akatoa samaki, akatoa banitsa, akatuma jirani aende kuleta mikate.

Halafu Stoil akafungua akodioni uani. Tukashikana mikono, Bibi Tonka mbele na leso ya jikoni, mimi katikati, kati ya Emil na Bilyana. Kulia, mama. Kulia! Mara ya kwanza nilimkanyaga Emil, mara ya pili yeye akanikanyaga mimi, mara ya tatu nikasahau kuhesabu. Sikujua kwamba mtu anaweza kusahau kuhesabu na bado akawa sahihi. Nililia na kucheka na hakuna aliyejali, kwa sababu kwenye horo kila mtu anatazama mbele.

Velichka alibaki mlangoni na sinia. Bilyana akatoka mstarini, akamnyang'anya sinia, akamvuta mkono. Akaingia amekakamaa kama ubao. Tulipomaliza mzunguko wa kwanza nikamsikia nyuma yangu akinong'ona, "Fupi, fupi... kwa hiyo hii ndefu ni tatu za kumi na moja?" Nikasema ndiyo. Tukamaliza mzunguko mwingine. "Na fupi zote nne ni nane za kumi na moja." Nikasema ndiyo, Bi Velichka. Mtu anayepima dawa kwa gramu, unadhani utamficha?

Tulipoaga hakuniahidi kitu. Alisema tu, "Tutaonana kwenye mkutano, tarehe kumi." Sijui aliisema kwa sauti gani. Nimeigeuza kila upande.

Andika, mama.

Binti yako,
Zornitsa


Kamen Dol, 11 Mei 2005

Mama,

Kristo amefufuka! Yai lako jekundu la Pasaka nimekuwekea mbele ya sanamu ya Bikira. Mimi mzima, na wewe sijui, kwa sababu hii ni barua ya pili bila jibu. Nimemuuliza Mitko, anasema umemtuma salamu tu, halafu anacheka na kupanda basi lake. Nikimkamata nitamkaba.

Mkutano ulikuwa jana. Wazazi walijaza darasa, magoti yamebanwa kwenye madawati ya watoto. Stamenov naye alikuwapo, amevaa tai. Bi Gancheva akafungua, akasema wote wanajua ajenda.  Wote wakamtazama Velichka. Akainuka.

"Mimi ndiye niliyelianzisha," akasema, "na mimi sipendi makelele. Mwanangu wa kwanza nilimpoteza kwa nusu alama, mnajua." Akanyoosha koti lake. "Juzi nilimuuliza Bilyana swali la sehemu, la makusudi, gumu, nililitoa kwenye kitabu cha darasa la nane. Alikuwa anaosha vyombo. Akagonga kisigino mara mbili chini na kunijibu. Sikuamini, nikapiga hesabu mwenyewe, na nilikosea mimi. Mwalimu Stamenov, usinielewe vibaya, wewe ni kijana mzuri. Ila mwanangu kwako husinzia." Kisha akanyoosha mkono wake juu, peke yake, kabla hata hatujaambiwa tupige kura. "Wamalizie na Zornitsa. Lakini viatu wavae vya mpira, chokaa ni ghali."

Mama, mikono ilipanda kama majani! Baba yake Emil aliinua yote miwili, akaambiwa ashushe mmoja. Stamenov alinijia mwishoni na kunipa mkono, akaniuliza kwa sauti ya chini kopanitsa inaanza kwa mguu gani. Nikamwambia wa kulia, na asijifunze kwa kunitazama usoni.

Kwa hiyo tarehe 24 nitatembea mbele yao. Baada ya maandamano watacheza uwanjani mji mzima ukitazama, na wamekataa kabisa Bibi Tonka awaongoze. Wanataka mimi nishike leso. Mimi! Nimewaambia sina leso. Bilyana kasema, "Basi taulo." Naogopa kuliko nilivyoogopa mkutano. Katikati ya mstari unashikwa pande mbili. Mbele unashikwa upande mmoja tu.

Natamani ungekuwa hapa uone, hata kama utacheka. Sitaki leso wala ushauri. Niandikie tu kwamba u mzima.

Binti yako,
Zornitsa


Jikoni kwetu, juu ya meza, 24 Mei 2005

Zornitsa mwanangu,

Mimi ni mzima. Paka ananitambua.

Barua zako zote mbili nilizipata. Kila nilipochukua kalamu nijibu nilijua nitaropoka, na sijawahi kuweza kukuficha kitu kwa maandishi. Kwa hiyo badala ya kumpa Mitko barua, nimempa mwandishi. Mpumbavu yule amecheka njia nzima. Sinyora ameenda kwa dadake baharini, nina wiki mbili, na nimeapa nitarudi na habari kamili, la sivyo hatanifungulia mlango.

Basi lilichelewa mpakani. Nimefika umeshatoka kwenda kuwapanga watoto, kikombe chako bado kina joto. Nimeosha uso, nimevaa gauni lile la bluu, limenibana kidogo, lawama ni za pasta. Ngoma za shule zinasikika kutoka huku. Zinaanza kushuka barabarani, na kati yenu nyote mimi najua nani yuko mbele ya saba B.

Nilikuwa niiache hii leso nyekundu hapa mezani juu ya barua, halafu nikafikiri, ukirudi nyumbani ngoma itakuwa imekwisha. Kwa hiyo naja nayo. Bilyana ni yupi? Nitamuuliza mtu yeyote, nitampa yeye akupe, ili wewe usiangalie nyuma ukapoteza hatua. Mcheza kwao hutunzwa, mwanangu, na mtunzaji wako amesafiri mbali.

Ukiisoma hii tutakuwa tumerudi wote, magoti yanauma, tunatafuta cha kula. Lakini nimeiandika sasa, kabla sijatoka, ili baadaye usije ukasema nilikuja kukuonyesha namna ya kuongoza. Anayechelewa horo haingii mbele. Mimi nimechelewa miaka minne. Nitaingia mkiani, baada ya mtoto wa mwisho, na nitakwenda unakokwenda wewe.

Mama yako